Mchezaji wa Picha Zisizosema

Katika somo hili nataka kuwaeleza wanafunzi, pamoja na ndugu zetu waliokwisha toka shuleni ambao bado hulisoma gazeti letu, habari za kazi ya mchezaji wa sinema katika zama zile picha zilipokuwa hazisemi. Najua wengi wenu mtadhani kuwa jambo hilo ni la Ulaya na Marekani, wala halituhusu sisi wa pwani hii ya kutoka Ibo mpaka mlango wa mto Rovuma. Subirini kidogo. Nitaanza Berlin, lakini njiani tutakutana na mtu aliyefundisha Kiswahili huko, ambaye alipokuwa mtoto alifanya kazi ya ukarani Lindi, na ambaye alijeruhiwa katika vita vile vile vilivyowafikia babu zetu.

Kwanza yafaa tufahamu picha zenyewe. Picha za kutembea zilianza kuonyeshwa watu kwa kiingilio mjini Paris, mwezi wa Desemba 1895. Kwa zaidi ya miaka 30 baadaye picha hizo hazikuwa na sauti. Watu walitembea, waligombana, walicheka na kufa juu ya kitambaa cheupe, na neno lisilisikike. Penye haja ya maneno, picha ilikatwa, yakaonyeshwa maandishi machache, kisha picha ikaendelea. Lakini msidhani ukumbi wenyewe ulikuwa kimya. Palikuwa na mtu wa kupiga piano, na katika miji mikubwa bendi nzima. Sauti ilianza kushika nguvu Marekani mwaka 1927, na huko Ujerumani kati ya 1929 na 1930. Shikeni mwaka huo wa 1929, maana tutaurudia.

Je, wachezaji walitoka wapi? Wengi walitoka jukwaani. Mchezaji wa jukwaani amefunzwa sauti yake imfikie hata mtu aliyekaa nyuma kabisa, na mkono wake akiuinua uonekane kutoka mbali. Mtu huyo alipokuja mbele ya kamera alikuta mambo yamegeuka. Sauti yake, ambayo ndiyo mtaji aliouchuma kwa miaka mingi, haikuwa na kazi. Na kamera ilimsogelea mpaka jicho lake likawa kubwa kama mlango, hata akikonyeza kidogo ukumbi mzima waliona. Ilimbidi kupunguza. Wengine hawakuweza, ndiyo maana tukitazama picha za mwanzo twawaona watu wakirusha mikono kama wanaofukuza kunguru shambani.

Kulikuwa na shida nyingine iliyotoka katika filamu yenyewe. Filamu za miaka ile hazikuiona rangi nyekundu. Chochote chekundu kilitoka cheusi, na mbingu ya buluu ikatoka nyeupe. Uso wa Mzungu, ambao una wekundu ndani yake, ulitoka na madoa kama wa mgonjwa. Kwa hiyo wachezaji walipakwa rangi nzito usoni kabla ya kupigwa picha, na kazi ya kupaka uso ikawa ufundi mkubwa.

Sasa, wachezaji walikuwa wa namna mbili. Yuko mzuri wa sura, ambaye uso wake ni ule ule katika kila picha, na watu huja kuuona uso huo. Na yuko mchezaji wa tabia. Huyu leo ni mfalme, kesho ni mlevi, keshokutwa ni mzee anayelia mlangoni, na watu wakitoka ukumbini huulizana, "Kumbe ni yule yule?" Huyu wa pili ndiye ninayemheshimu zaidi.

Katika Ujerumani mkubwa wao alikuwa Emil Jannings. Alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Rorschach, Uswisi. Alizunguka na vikundi vya michezo katika miji midogo kwa miaka, hata akafika Berlin katika jumba la michezo la Max Reinhardt, ambalo ndilo lililotoa wachezaji wengi wa sinema za Kijerumani. Mwaka 1924 alicheza katika picha iitwayo Der letzte Mann, yaani Mtu wa Mwisho, iliyoongozwa na F. W. Murnau. Jannings ni bawabu mzee wa hoteli kubwa. Ana koti refu lenye vifungo vinavyong'aa, na mtaani kwake, kwa maskini wenzake, koti hilo humfanya kama jemadari. Siku moja meneja humwona akipumzika baada ya kubeba sanduku zito. Basi, hupokonywa koti na kupelekwa chini chooni, kushika taulo za wageni. Picha hiyo karibu haina maandishi yo yote ya katikati. Yote tunayoyafahamu twayafahamu kwa mgongo wa Jannings. Akiwa na koti mgongo umesimama kama mlingoti. Akivuliwa, huinama polepole mbele ya macho yetu mpaka twaona haya kumtazama.

Niliwahi kuwapa wanafunzi zoezi hilo darasani: mtu amevuliwa sare yake, atoke mlangoni bila kusema neno. Wengi walikunja uso na kujifuta machozi ya uongo. Aliyetushinda sote ni kijana mmoja wa Kimakonde. Alitugeuzia mgongo, akatembea hatua nne tu, na darasa likanyamaza. Nilipomwuliza amejifunza wapi, alicheka asijibu, nami sikuuliza tena, kwa kuwa nilijua. Katika mapiko mchezaji amefunikwa kichwa kwa kinyago cha mti na mwili kwa nguo. Hana uso wa kukunja, wala haongei. Ngoma ndizo zinazoongea. Yeye husema kwa mabega, kwa shingo na kwa miguu, na watazamaji humtambua mara moja: huyu ni mzee mwenye kiburi, huyu ni Mzungu wa serikali. Watu wetu walikuwa na elimu ya Jannings kabla hajazaliwa yeye.

Jannings alikwenda Marekani, na katika mwaka 1929, tuzo za Academy zilipotolewa kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyepata tuzo ya mchezaji bora wa kiume. Lakini sauti ilikuwa imekwisha ingia. Kiingereza chake kilikuwa kizito cha Kijerumani, akarudi kwao.

Narudi nyuma kidogo, mwaka 1922. Mwaka huo Jannings alicheza Othello, yule jemadari mweusi wa Venice katika mchezo wa Shakespeare. Alipakwa rangi. Werner Krauss, naye mtu wa jumba la Reinhardt, alicheza Iago. Msomaji atauliza: je, Berlin hapakuwa na Mwafrika wa kuicheza nafasi hiyo?

Wachezaji Waafrika walikuwako. Mmoja wao alikuwa Louis Brody, ambaye jina lake la kwao lilikuwa M'bebe Mpessa, mzaliwa wa Douala, Kameruni, wa mwaka 1892. Huyu alikuwa mtu wa jukwaani kweli: aliimba, alipiga ngoma, alipigana mieleka mbele ya watu, na mwaka 1930 alitayarisha mchezo mkubwa wa nyimbo na ngoma uliochezwa na watu weusi mjini Berlin. Katika picha zisizosema twamwona mara nyingi. Yumo katika Genuine ya mwaka 1920, na katika Der müde Tod ya Fritz Lang ya mwaka 1921. Alifanywa Mmalaya, alifanywa mtumishi wa ikulu za Mashariki, alifanywa Mwafrika asiye na jina. Kwa hesabu ya watu aliowacheza, alikuwa mchezaji wa tabia sawasawa na Jannings. Tofauti ni kwamba Jannings aliweza kupakwa rangi akawa Othello, lakini Brody hapakuwa na rangi ya kumgeuza Mfalme Lear. Mwaka 1921 aliandika katika gazeti la Berlin kulalamika jinsi Waafrika walivyokuwa wakitukanwa na kupigwa mitaani. Kwa hiyo alikuwa na maneno mengi. Sinema ndiyo ambayo haikuyahitaji.

Sasa tufike kwa mtu wetu. Jina alilopewa ni Mahjub bin Adam Mohamed, naye alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, mwenye cheo cha efendi. Mtoto alijifunza Kijerumani mapema, na alipokuwa na miaka kama 10 tu alikuwa karani huko Lindi. Vita vilipotokea mwaka 1914 yeye na baba yake waliingia jeshini, na mtoto akawekwa kujifunza kazi ya kupeleka ishara.

Wazee wetu wa upande huu hawahitaji kufundishwa vita hivyo. Wajerumani waliishika Kionga mwaka 1894, Wareno wakaichukua mwezi wa Aprili 1916, na mwezi wa Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka Rovuma penye Negomano, na vyakula na wapagazi wa nchi hii wakachukuliwa na kila jeshi lililopita. Mahjub hakuvuka. Mwezi mmoja kabla, katika mapigano makali ya Mahiwa, kusini ya Lindi, alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Baada ya vita alifanya kazi ya utumishi katika meli, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao ulikuwa haujalipwa. Serikali ilimjibu kwamba amechelewa. Akabaki. Huo ndio mwaka niliowaambia mushike: picha zisizosema zilikuwa zinakufa, na zile zenye sauti zinaingia. Huko Berlin akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Jukwaa lake la kwanza lilikuwa sakafu ya hoteli. Haus Vaterland, penye uwanja wa Potsdam, ilikuwa nyumba kubwa sana ya kula na kunywa, na kila chumba kilikuwa mfano wa nchi: chumba cha Kituruki, cha Kihispania, cha Marekani ya magharibi, na kimoja cha mto Rhine ambamo ngurumo na mvua za bandia zilitokea kwa saa. Watumishi nao walivalishwa kulingana na chumba. Husen alikuwa mtumishi humo. Mimi nasema kwamba mtu akishinda siku nzima akivaa nguo za nchi ambayo si yake, huku akitazamwa na mia ya watu wanaokula, anajifunza mengi ambayo Jannings aliyapata katika vikundi vya vijijini.

Na kazi yake ya pili ilikuwa nini? Kufundisha Kiswahili. Tangu mwaka 1931 alikuwa msaidizi wa kufundisha lugha yetu katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, ambako mkubwa wa mambo ya Afrika alikuwa Profesa Diedrich Westermann. Wanafunzi wake walikuwa watu waliotumaini kwamba Ujerumani itarudishiwa makoloni yake. Profesa alisimamia sarufi. Sauti iliyofuatwa ilikuwa ya Husen. Fikirini jambo hilo: mchana mtu analipwa kwa ajili ya sauti yake, na jioni anavaa nguo za kigeni, abebe sinia na kunyamaza.

Mwaka 1934 alicheza katika picha yenye sauti, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani Wapanda Farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoongozwa na Herbert Selpin. Brody pia yumo. Na Husen alicheza nani? Kijana anayejifunza kupeleka ishara katika jeshi la Wajerumani. Alirudishiwa utoto wake mwenyewe, ukiwa umepigwa pasi na kukunjwa vizuri, hauna njaa ya Mahiwa wala risasi. Kutoka hapo mpaka 1941 alionekana katika picha zisizopungua 23. Karibu zote ni vinafasi vidogo: mpagazi, mtumishi, mtu wa kufungua mlango. Picha zilikuwa zimekwisha pata sauti, lakini kwa Husen mara nyingi ziliendelea kuwa bubu.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wabadili namna ya kutazama. Sinema hukuvuta uangalie katikati, penye mwanga, alipo mkubwa. Jaribu kutazama pembeni. Mwaka 2013 Eva Knopf, mtengenezaji wa sinema wa Kijerumani, alitoa picha ya habari za Husen iitwayo Majubs Reise, na njia yake ni hiyo hiyo: kumtafuta katika pembe za picha za watu wengine. Ukimtazama hivyo utaona kwamba alikuwa anacheza. Hakusimama kama nguzo. Anasikiliza, anangoja, anajua bwana wake atanyosha mkono lini. Mchezaji asiyepewa neno ana silaha moja tu, nayo ni kusikiliza, na kusikiliza mbele ya kamera ni kazi ngumu kuliko kusema. Asiyeamini na ajaribu.

Maisha ya nje ya sinema yalizidi kubana. Mwezi wa Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika serikali, alimwoa Maria Schwandner. Mwaka 1934 aliomba nishani waliyopewa watu waliopigana katika vita vya kwanza, akanyimwa. Mwaka 1935 aliachishwa kazi katika Haus Vaterland. Akaingia katika maonyesho yaliyoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambayo yalizunguka mijini na Waafrika wakicheza "Afrika" kwa tiketi, mpaka serikali ilipoyafunga mwaka 1940.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini alikubali?" Swali zuri, nami sitaki kumpamba marehemu. Alikuwa na watoto wa kulisha, na njia zilikuwa zimefungwa moja baada ya moja. Lakini pia alijivunia kuwa askari. Alivaa sare hiyo kwa hiari yake, na mwaka 1939 vita vilipoanza tena aliomba kuingia jeshini, akakataliwa. Alidai kwamba yeye ni mtu wao, kwa ushahidi wa damu yake ya Mahiwa. Kwangu mimi hayo yanahuzunisha kuliko kama angelazimishwa, na nafikiri hata bawabu wa Jannings hakuipenda sare yake zaidi.

Nafasi yake kubwa ilikuja mwaka 1941, katika picha iitwayo Carl Peters. Mwongozaji ni Selpin tena, na mchezaji mkubwa ni Hans Albers. Peters mnamjua: ndiye aliyepita Usagara mwaka 1884 na makaratasi ya mikataba, na ambaye watu wa bara walimwita Mkono wa Damu. Katika picha hiyo amefanywa shujaa. Husen ni Ramasan, kiongozi wa njia na mkalimani wake. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili hatimaye alipewa nafasi ya mtu mwenye lugha, lakini kwa sharti kwamba lugha hiyo imtumikie Peters. Wengi wa watu weusi wanaoonekana nyuma yake walikuwa askari wa makoloni ya Ufaransa waliotekwa vitani, wakatolewa kambini ili wapigwe picha. Mwaka huo huo Jannings alicheza Ohm Krüger, picha kubwa ya kuisifu siasa ya serikali ile, na Brody naye yumo humo, katika nafasi ndogo.

Mwezi wa Aprili 1941 Husen aliacha kazi ya chuo baada ya ugomvi. Mwezi wa Agosti alikamatwa na polisi wa siri, kosa lake likiwa ni kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, jambo lililohesabiwa kuchafua damu. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa humo miaka mitatu na zaidi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Selpin, mwongozaji wake, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1942 akiwa kifungoni, kwa maneno aliyoyasema juu ya jeshi.

Jannings alipigwa marufuku kucheza baada ya vita, akafa Austria mwaka 1950. Brody alipona, akaendelea kucheza mpaka alipofariki Berlin mwaka 1951.

Habari za Husen zilikusanywa na mwanachuoni Marianne Bechhaus-Gerst, aliyetoa kitabu cha maisha yake mwaka 2007. Mwaka huo huo kiliwekwa kibao kidogo cha shaba chini, katika njia ya waendao kwa miguu, mbele ya nyumba aliyokaa katika Brunnenstraße mjini Berlin. Vibao vya namna hiyo viko vingi Ulaya, kila kimoja kwa ajili ya mtu mmoja aliyepotezwa na utawala ule. Ni vidogo kiasi cha kiganja. Anayetaka kulisoma jina hulazimika kusimama na kuinamisha kichwa.